Uchungu wa Mwenzako Ndani ya Ubongo Wako

Tulikuwa tumepanga kuendelea na somo la vyandarua katika toleo hili. Tumelisogeza mbele kwa sababu ya mama mmoja, mhamasishaji wa afya wa jamii, aliyekuja ofisini kwetu jioni baada ya kazi, akaketi, akasema: "Mimi nimekuwa mtu mbaya."

Tulimwuliza ana maana gani. Alisema asubuhi ile alitembelea nyumba iliyofiwa na mtoto mchanga. Alikaa mkekani na mama wa marehemu, akamsikiliza, akaandika daftarini yote yanayotakiwa kuandikwa. Muda wote huo hakusikia kitu chochote moyoni. Mwaka jana, alisema, angelia naye mpaka watu wawanyamazishe wote wawili. Safari hii alikuwa anawaza kama atafika bombani kabla maji hayajafungwa. Alipotoka nje ndipo alipojishangaa, na mchana kutwa hakuweza kula.

Ametupa ruhusa ya kueleza habari hii bila kutaja jina lake wala zoni anayoishi. Tunaiandika kwa kuwa hayuko peke yake. Wapo walimu, wakunga wa jadi, wachungaji, maimamu, walinzi wa usiku na majirani wa kawaida wanaosema maneno hayo hayo kwa sauti ya chini. Wapo pia wanaoyasema kuhusu wengine, kwamba maisha ya kambi yamewageuza watu kuwa mawe. Tuone kwanza ubongo hufanya nini mtu anapomhurumia mwenzake, ndipo tujue kama mama huyu amekuwa mbaya au hapana.

Unapomwona mwenzako anaumia

Chukua mfano wa kuchanja kuni. Jirani ameteleza na shoka, limemgusa mguu. Wewe uliyesimama hatua kumi kutoka hapo unavuta mguu wako na kutoa sauti kabla hujawaza neno lolote. Mguu wako hauna kitu. Nani aliyeuambia uvutike?

Mwaka 2004, Tania Singer na wenzake huko London, Uingereza, walichapisha utafiti uliojaribu kujibu swali la namna hiyo. Waliwachukua wanawake 16 pamoja na wanaume wanaopendana nao. Mwanamke alilala ndani ya mashine kubwa ya sumaku inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini, na mwanamume aliketi kando ya mashine. Kila mmoja alifungwa mkononi kifaa kidogo cha umeme kinachoweza kuchoma, kwa kiasi cha kuumiza lakini si cha kudhuru. Alama ya rangi ilimwonyesha mwanamke kwamba sasa ni zamu yake kuchomwa, au ni zamu ya mwenzake. Sura ya mwenzake hakuiona. Alama tu ndiyo iliyompa habari.

Alipochomwa yeye mwenyewe, sehemu kadhaa za ubongo wake zilifanya kazi kwa nguvu. Alipochomwa mwenzake, baadhi ya sehemu hizo hizo zilifanya kazi tena, ingawa mkono wake yeye haukuguswa. Mbili ni muhimu kwetu. Ya kwanza huitwa insula. Imejificha ndani ya mkunjo wa ubongo upande wa sikio, na ndiyo inayopokea habari za ndani ya mwili: moyo kwenda mbio, tumbo kusokota, kichefuchefu, njaa, joto. Ya pili ni ukanda ulio katikati, pale nusu mbili za ubongo zinapokutana, nyuma ya paji la uso. Ukanda huu hufanya kazi kama kengele: unasema kuna jambo baya, acha unachofanya, tazama hapa. Ndiyo maana mtu akipata habari mbaya ya mwenzake husema tumbo limemkatika au mwili umemsisimka. Hasemi mafumbo, anaeleza kilichotokea.

Lakini eneo la ubongo linalotambua ni kiungo gani kimeguswa, na kwa nguvu kiasi gani, halikufanya hivyo mwenzake alipochomwa. Yaani mwanamke alishiriki ubaya wa maumivu bila kuyasikia mkononi mwake. Shikeni jambo hilo, tutalirudia.

Huenda baadhi yenu mmewahi kusikia redioni habari za "chembe za kioo". Hizi ni chembe za ubongo zilizogunduliwa kwa nyani huko Parma, Italia, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Zilifanya kazi nyani aliposhika kitu, na pia alipomwona mwingine akikishika. Ugunduzi huo ni wa kweli, lakini ulitangazwa kwa shangwe kubwa kuliko ushahidi, na watu wakaufanya kuwa jibu la kila kitu. Kwa hiyo hapa hatutautegemea.

Watoto nao

Mzazi yeyote aliyelala katika wodi ya wazazi anajua kwamba mtoto mchanga mmoja akilia, na wa kitanda cha pili huanza. Hiyo bado si huruma. Mtoto huyo hajui kwamba kilio ni cha mwingine. Ni kengele tu inayoambukiza kengele nyingine.

Baadaye kidogo mambo hubadilika. Mwaka 2006 watafiti wawili wa huko Leipzig, Ujerumani, Felix Warneken na Michael Tomasello, walieleza jinsi watoto wa miezi 18 wanavyosaidia. Mtu mzima wasiyemfahamu vizuri aliangusha kibanio cha nguo na kujifanya hakifikii, au alibeba vitu mikono miwili na kugonga mlango wa kabati bila kuweza kuufungua. Watoto walio wengi walinyanyuka, wakaokota kibanio au wakafungua mlango, bila kuombwa wala kuahidiwa kitu. Mtu alipokitupa kibanio chini kwa makusudi, hawakuhangaika sana kumwokotea. Kwa hiyo walikuwa wanatambua nani ana shida na nani hana.

Mwaka 2008 watafiti hao waliwapa baadhi ya watoto kitu cha kuchezea kila walipomsaidia mtu. Baadaye zawadi ilipoacha kutolewa, watoto hao walisaidia kidogo kuliko wale ambao hawakupewa kitu tangu mwanzo. Wahamasishaji wasitusome vibaya, hapa hatuzungumzii posho yao. Tunazungumza na wazazi: mtoto wa miaka miwili anayekuletea kikombe hahitaji pipi. Mwache akilete, hata kama maji yatamwagika.

Kuumia pamoja na mtu bado si kumsaidia

Hapa ndipo penye uzito wa somo letu. Mtoto amemwagikiwa uji wa moto. Mama wawili wameona. Mmoja anapiga kelele, anashika kichwa, anakimbia kuzunguka nyumba akiita majina ya watu. Wa pili amechukua dumu la maji safi na baridi, ameweka beseni, anamwagia mtoto taratibu mahali palipoungua huku akisema naye. Je, wa kwanza hana huruma? Anayo nyingi sana, kengele yake inalia kwa nguvu mpaka hawezi kusikia kingine. Kwa wakati ule anatafuta namna ya kuiondoa kengele iliyo ndani yake mwenyewe. Ndiyo sababu watu wengine wenye huruma sana hukimbia mbali na mgonjwa.

(Kwa kuwa tumetaja moto: jeraha la moto humwagiwa maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha mtoto hupelekwa zahanati akiwa amefunikwa asipate baridi. Dawa ya meno, mafuta, unga na udongo havipakwi.)

Mama wa pili naye kengele imelia. Tofauti ni kwamba sehemu nyingine za ubongo wake zimeingia kazini. Juu kidogo ya sikio kuelekea nyuma ipo sehemu inayosaidia kutenganisha "mimi" na "yeye": anayeungua ni huyu, si mimi. Na sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, huituliza kengele na kuuliza: huyu anahitaji nini sasa hivi? Tumesema mwanamke wa London alishiriki ubaya wa maumivu lakini hakuyasikia mkononi. Ni bahati kubwa kwamba ubongo umeumbwa hivyo. Kama kila anayekuona umeungua angeungua naye, nani angekwenda kuchota maji?

Singer, Olga Klimecki na wenzao walichapisha mwaka 2014 utafiti juu ya jambo hili. Kundi la wanawake lilionyeshwa filamu fupi za watu walio katika mateso. Kwanza walifundishwa kusikia maumivu ya wale watu kama yao, na kubaki hapo. Hali yao ilizidi kuwa mbaya, na zile sehemu mbili tulizozitaja zikafanya kazi zaidi. Baadaye watu hao hao walifundishwa jambo la pili, yaani kumtakia mema anayeteseka, kuelekeza moyo kwake kama mtu anavyoelekeza moyo kwa mtoto wake. Filamu zilikuwa bado za mateso, lakini sasa walipata pia hisia njema na nguvu, na sehemu nyingine za ubongo zilifanya kazi, zikiwemo zile zinazohusika na mapenzi na furaha. Mafunzo yenyewe hayakuchukua miezi.

Sehemu za furaha huingia pia mtu anapotoa. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba mtu akikubali kuacha fedha yake iende kwa wenye shida, sehemu za ubongo zinazofurahia kupokea fedha hufanya kazi vile vile. Kwa hiyo ile raha unayoisikia baada ya kumgawia jirani unga kidogo siku mbili kabla ya mgao, haina ulazima wa kuitwa unafiki. Ni ubongo unafanya kazi yake.

Siku ya kifafa bombani

Miezi michache iliyopita kijana mmoja alianguka kwa kifafa kwenye foleni ya maji. Palikuwa na watu wengi, wengine wanasema arobaini, wengine zaidi. Walisimama mduara. Aliyekuja kumgeuza alitoka mbali, hata hakuwa kwenye foleni. Baadaye maneno yalizagaa kambini kwamba watu wa bomba lile ni wakatili, na mzee mmoja alitangaza kwamba huruma ilibaki nyumbani siku tulipokimbia.

Tunamheshimu mzee huyo, lakini jambo lile halikuhitaji vita wala ukimbizi. Mwaka 1968 huko New York, Marekani, John Darley na Bibb Latané walitoa matokeo ya jaribio linalofanana nalo mno. Mwanafunzi aliwekwa peke yake chumbani akizungumza na wenzake kwa kipaza sauti. Ghafla akasikia mmoja wao akianza kupatwa na kifafa na kuomba msaada. (Ilikuwa sauti iliyorekodiwa.) Walioamini kwamba wao peke yao ndio wanaosikia, 85 katika kila 100 walitoka kusaidia kabla sauti haijakatika. Walioamini kuna mwingine mmoja anayesikia, 62. Walioamini kuna wengine wanne, 31 tu. Wengi wa wale ambao hawakutoka hawakuwa wametulia. Walikuwa wakitetemeka na viganja vinatoka jasho. Kengele ililia, lakini kila mmoja alidhani mwingine ameshakwenda.

Haraka nayo hufanya kazi hiyo hiyo. Mwaka 1973 Darley na C. Daniel Batson walichapisha jaribio walilolifanya Princeton, Marekani, kwa wanafunzi 40 wa teolojia. Waliambiwa waende jengo la pili kutoa mazungumzo, na baadhi yao mazungumzo yenyewe yalihusu Msamaria mwema. Njiani palikuwa na mtu ameinama mlangoni, anakohoa na kugumia. Kati ya walioambiwa wana nafasi ya kutosha, 63 katika kila 100 walisimama. Kati ya walioambiwa wamechelewa, 10 tu. Kuwa na habari ya Msamaria mwema kichwani hakukuleta tofauti kubwa. Sasa fikirini bombani: watu wengi, na kila mmoja ana haraka kwa kuwa maji yanafungwa saa nne. Mambo mawili yamekutana mahali pamoja.

Bombani palikuwa na jambo la tatu pia, nalo lazima tuliseme wazi. Wengine waliogopa povu. Kifafa hakiambukizi, si kwa povu, si kwa mate, si kwa hewa anayotoa mgonjwa. Kinatokana na shoti ya umeme ndani ya ubongo wa mgonjwa mwenyewe. Mtu akianguka, ondoa mawe, madumu na moto karibu naye. Weka kitu laini chini ya kichwa chake, legeza nguo shingoni, na mishtuko ikipungua mlaze kwa ubavu ili mate yatoke. Usimkandamize. Usimtie kijiko, kijiti wala kidole mdomoni, na usimnyweshe kitu. Tazama saa: mishtuko ikizidi dakika 5, au ikirudi kabla hajapata fahamu, abebwe mara moja kituo cha afya. Akizinduka, kaa naye, mwambie yuko wapi. Na ajue kwamba dawa za kifafa zipo, watu wengi huacha kabisa kuanguka wakizinywa bila kukatisha.

Na ukiwa wewe ndiye unayehitaji msaada mbele ya kundi la watu, au unamsaidia mgonjwa na umezidiwa, usiseme "jamani nisaidieni." Mtazame mtu mmoja, mnyoshee mkono, umwite: "Wewe kaka mwenye kofia nyekundu, kimbia kamwite mhudumu. Wewe mama mwenye kitenge cha kijani, nipe hicho kitambaa." Mtu aliyeitwa hawezi tena kudhani kwamba mwingine ameshakwenda.

Watu wetu na watu wao

Hapa tunaandika kwa uangalifu, kwa sababu kambi ni moja lakini tumetoka mikoa mingi na kwa sababu nyingi, na ng'ambo ya mpaka wa kambi wapo wenyeji ambao kuni na maji ni vyao pia.

Mwaka 2010 watafiti huko Uswisi waliwachukua mashabiki wa mpira. Kila mmoja alimwona shabiki wa timu yake akiumizwa, kisha shabiki wa timu pinzani. Insula ilifanya kazi zaidi kwa mtu wa timu yake, na mtu huyo alikuwa tayari zaidi kupokea sehemu ya maumivu ili kumpunguzia mwenzake. Kwa shabiki wa upande wa pili hali ilipoa, hasa kwa yule aliyekuwa na maoni mabaya juu ya upande huo. Hao ni watu waliogombana kwa sababu ya mpira tu. Waliofiwa na ndugu je?

Grit Hein, aliyeongoza utafiti huo, aliendelea. Mwaka 2016 yeye na wenzake walionyesha kwamba mtu akisaidiwa na mgeni ambaye hakumtegemea, mara chache tu, ubongo wake huanza kushtuka pia kwa maumivu ya watu wengine wa kundi la yule mgeni, hata wale ambao hawajamsaidia lolote. Hakuhubiriwa wala hakupewa semina. Alipokea msaada kwa mtu ambaye alitegemea amnyime.

Tunayo maoni yetu hapa. Mikutano ya amani tumeifanya mingi, na kofia na fulana tumezigawa. Lakini kama ingekuwa juu yetu, tungepanga zamu za machela na za kusindikiza wajawazito usiku kwa kuchanganya watu wa vijiji mbalimbali vya kambi, ili anayebebwa abebwe na mtu ambaye hakumtegemea.

Moyo unapokufa ganzi

Turudi kwa mhamasishaji wetu. Kengele ikilia kila siku kwa miaka, ubongo huifunika. Mama huyu anaingia nyumba tano hadi nane kwa siku, na katika kila nyumba kuna mgonjwa, njaa au msiba. Yeye mwenyewe aliwahi kukimbia usiku akiwa na mtoto mgongoni. Kufa ganzi namna hii ni jambo linalojulikana kwa wauguzi, waokoaji na watu waliopita katika vita. Ubongo unajikinga. Mtu mbaya hajishangai hata akose kula kwa sababu hakulia msibani.

Tulipomwuliza usingizi wake ukoje, alicheka. Mtoto ana kikohozi, turubai linapigwa na upepo, mbu wapo, na ndoto zile za zamani zinarudi. Analala saa tatu au nne tu kwa usiku. Hili si jambo dogo. Mwaka 2022 watafiti wa California, Marekani, walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba hata usiku mmoja bila usingizi hupunguza utayari wa mtu kusaidia wengine, na sehemu za ubongo zinazotumika kufikiria hali ya mwenzako hufanya kazi kidogo kuliko kawaida. Kabla ya kusema fulani ana moyo wa jiwe, uliza kwanza analala saa ngapi. (Kumbe tumerudi kwenye vyandarua.)

Basi mtu wa namna hii afanye nini? Kumwambia ajitahidi kusikia uchungu zaidi ni kumwongezea mzigo. Tunapenda kuwaeleza habari ya bibi wa Harare, Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kazi katika mtaa wa Mbare na bibi 14, wahudumu wa afya wa jamii. Hapakuwa na chumba wala fedha, kwa hiyo walikaa na wagonjwa nje, kwenye benchi chini ya mti. Waliokuja walikuwa na kile ambacho Washona hukiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, jambo ambalo hapa kambini tunalijua vizuri kwa jina la mawazo mengi. Bibi alimsikiliza mtu mpaka mwisho. Kisha alimsaidia kuyataja matatizo yake yote, kuchagua moja la kuanza nalo, na kupanga hatua ambayo inawezekana kabla hawajaonana tena. Matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa zaidi ya 500 yalichapishwa mwaka 2016: baada ya miezi sita, waliokaa na bibi walikuwa na dalili chache zaidi za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Hawa bibi walisikia habari nzito kila siku, nao ni watu maskini wenye shida zao. Angalieni walichofanya. Hawakubaki wamekaa ndani ya maumivu ya mwenzao, na hawakuyakimbia. Waliuliza tuanze na lipi. Ni ile ile kazi ya mama wa beseni na dumu la maji.

Kwa mhamasishaji wetu tulikubaliana mambo machache. Kwa wiki mbili hatakwenda nyumba za misiba, atapima watoto uzito na wenzake watashika zamu yake. Nyumba nzito mbili hazitafuatana siku moja. Kabla ya kuingia atasimama mlangoni avute pumzi polepole mara tano, atoe taratibu kuliko alivyovuta. Atakapokuwa ndani hatajilazimisha kulia. Atajiuliza swali moja tu: mtu huyu anahitaji nini leo? Wakati mwingine ni kuchotewa maji. Jioni ataeleza mwenzake mmoja aliyoyaona, bila majina, dakika kumi, kisha wazungumze habari nyingine. Mtoto wake ametibiwa kikohozi.

Lini ufike kituo cha afya

Uchovu wa kawaida huondoka mtu akipumzika. Lakini ukiona kwa zaidi ya wiki mbili huna furaha na jambo lolote, hulali au unalala mno, chakula hakipiti, huwezi kufanya kazi zako za kila siku, ndoto na picha za yaliyopita zinakurudia mchana, au pombe imekuwa ndiyo dawa ya kukulaza, fika umwone mshauri. Mtu anayesema afadhali afe, au aliyejaribu kujidhuru, asiachwe peke yake hata kidogo. Aletwe siku hiyo hiyo, hata usiku.

Huna haja ya kueleza shida yako getini wala kwenye foleni. Mwambie muuguzi wa mapokezi kwamba unataka kuzungumza na mshauri, inatosha. Hutoi malipo, na unayoyasema hayatolewi kwa kiongozi wa zoni wala kwa wanaoshughulikia kadi za mgao. Kama Kiswahili kinakupa taabu, omba mkalimani, na una haki ya kumkataa mkalimani usiyemwamini na kuletewa mwingine. Siku za mgao foleni ya washauri huwa fupi, hasa baada ya saa nane mchana.

Somo la vyandarua litakuwa katika toleo lijalo.